Kamera ndogo mbili, kazi moja: Mnunuzi wa Bondo aanze na betri, si megapikseli

MPIGA picha anayeanza kazi mjini Bondo hana nafasi ya kukosea mara mbili. Akiba yake hutosha kamera moja tu, na iwapo kamera hiyo itamzimikia katikati ya mahafali au mazishini, mteja hatasubiri betri ichajiwe. Atamwita mwenye simu aliye karibu, atamshukuru kwa soda, na mapato ya siku hiyo yatakuwa yamekwenda na maji.

Kwa hivyo uamuzi wa kununua kamera gani si jambo la kuamuliwa mbele ya kioo cha duka, huku muuzaji akisifu rangi na wembamba wa kifaa. Ni hesabu ya mtaji.

Huenda msomaji akashangaa kwamba mtu yeyote angali ananunua kamera ndogo ya dijitali katika zama hizi za simu za kisasa. Takwimu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, zinaonyesha jinsi biashara hiyo ilivyoporomoka. Mnamo 2010 viwanda wanachama vilitoa kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Kufikia 2023 idadi ya jumla ilikuwa imeshuka hadi chini ya milioni 8, na kamera ndogo zenye lenzi isiyobanduka hazikufika hata milioni 2.

Hata hivyo, kamera za enzi ile hazikutoweka duniani. Zimo kwenye droo, kwenye maduka ya vitu vilivyokwisha tumika, na katika miaka ya karibuni vijana wa mataifa mengi wamezigeukia tena kwa kuipenda sura ya picha zake. Kwa kijana wa Bondo mwenye mtaji mdogo, kamera ya namna hiyo yaweza kuwa mlango wa kuingilia kazi, mradi ajue anachokinunua.

Tuchukue mbili zinazofaa kulinganishwa kwa sababu ni za baba mmoja: Canon PowerShot A590 IS na Canon IXUS 80 IS, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la PowerShot SD1100 IS. Zote mbili zilitangazwa Januari 2008. (Huo ndio mwezi ambao Kisumu na miji mingine ya Kenya ilikuwa ikiungua kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, na ni wachache ufuoni mwa ziwa waliokuwa na haja ya kujua kamera gani imetoka Japani.)

Uzuri wa kuzilinganisha ni kwamba mambo ambayo wauzaji hupenda kuyatangaza yote ni sawa. Kila moja ina megapikseli 8. Kila moja ina kitambuzi cha mwanga cha ukubwa ule ule, kipande kisichozidi milimita 6 kwa upana. Chombo cha ndani kinachoichakata picha ni kimoja. Zote zina lenzi inayotulizwa ili mkono ukitetemeka picha isifunikwe na ukungu. Mtu akizitundika picha zake ukutani bila kuandika jina, hata mjuzi atapata taabu kusema ipi imetoka wapi.

Basi kinachotofautisha ni nini? Kabla ya kufika huko, inafaa hesabu ya megapikseli iondolewe njiani, kwa maana ndiyo iliyowapoteza wanunuzi wengi.

Picha nyingi ambazo mpiga picha wa mtaani huuza ni za inchi 4 kwa 6, yaani zile za ukubwa wa postikadi. Ili ichapwe vyema, picha hiyo huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, maana yake nukta 1,800 kwa 1,200. Zidisha: ni nukta milioni mbili na ushei. Kamera ya megapikseli 2 ingetosha kwa kazi hiyo, na za pasipoti huhitaji chini ya robo ya hapo. Picha ya megapikseli 8 ina nukta 3,264 kwa 2,448, nayo yaweza kuchapwa kwa upana wa karibu inchi 11 bila kuharibika. Hiyo yatosha picha ya marehemu inayowekwa kwenye fremu kando ya jeneza.

Anayeuziwa kamera ya megapikseli 16 kwa madai kwamba ni bora maradufu, ilhali kitambuzi chake ni kile kile kidogo, ameuziwa faili kubwa tu. Nukta zikizidishwa ndani ya eneo lile lile, kila moja hupokea mwanga haba, na mwanga ukipungua chengachenga huongezeka.

Chengachenga hizo ndizo udhaifu wa kweli wa kamera zote mbili. Kiwango cha wepesi wa mwanga, kile kinachoandikwa ISO, huanzia 80 hadi 1600 kwenye zote, lakini baada ya 400 nyuso huanza kuonekana kana kwamba zimenyunyiziwa mchanga. Katika mkesha wa matanga unaomulikwa na taa moja ya umeme chini ya turubai, hakuna mojawapo itakayofanya miujiza. Simu nzuri ya leo, ambayo huunganisha picha kadhaa kuwa moja kwa hesabu za programu, itazishinda zote gizani. Ni vyema ukweli huo ukasemwa mapema.

Mchana ni habari nyingine. Bondo iko kusini kidogo tu mwa Ikweta, na saa sita jua husimama karibu na utosi. Mwanga wa namna hiyo humkosea heshima kila anayepigwa picha: macho huzama kwenye vivuli vya paji la uso, na anayesimama akilipa ziwa kisogo pale Usenge hutoka mweusi tititi kwa sababu kamera imepima mng'aro wa maji badala ya uso wake.

Dawa ya hilo ni flashi. Wengi hudhani flashi ni ya usiku, kumbe pale juani ndipo hulipa gharama yake. Mpiga picha akiilazimisha iwake mchana, akamkaribia mtu hadi mita mbili hivi, vivuli vya macho hujaa mwanga na uso hurudi. Kamera zote mbili zina flashi ya kweli yenye mlipuko mkali, ambao taa ndogo ya simu haiwezi kuukaribia. Zote pia humruhusu mtumiaji kuongeza au kupunguza mwanga kwa hatua, jambo la lazima pale mhitimu mwenye joho jeusi anaposimama na mamaye aliyevaa gauni jeupe.

Jingine linalofaa juani ni kidirisha cha kuchungulia kwa jicho. Kamera nyingi ndogo zilizokuja baadaye ziliking'oa ili skrini iwe kubwa, na matokeo yake ni kwamba mpiga picha ufuoni huwa anaelekeza kioo kinachomwonyesha uso wake mwenyewe. A590 IS inacho kidirisha hicho, na IXUS 80 IS vilevile.

Sasa tofauti. Kwanza, lenzi. Ya A590 huvuta mara nne, kutoka milimita 35 hadi 140 kwa kipimo cha kamera za filamu. Ya IXUS huvuta mara tatu, kutoka 38 hadi 114. Tofauti ya 35 na 38 yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini sebuleni ambako familia ya watu kumi na wanane inataka kuingia yote kwenye picha na ukuta u nyuma ya mgongo wa mpiga picha, milimita hizo tatu ndizo zinazomrudisha shangazi aliye pembeni. Upande wa pili, 140 humwezesha aliyezuiwa nyuma ya kamba kumfikia mhitimu anapopanda jukwaani.

Pili, A590 ina gurudumu linalomruhusu mwenyewe kuchagua kasi na tundu la lenzi. IXUS huamua mambo hayo yenyewe. Anayeanza hatalihitaji gurudumu hilo wiki ya kwanza, ila kijana anayetarajia siku moja kushika kamera kubwa atajifunza humo kila kitu kinachofundishwa darasani.

Kwa sura, IXUS haina mpinzani. Ina mwili wa chuma, uzito wa gramu 125 bila betri, na huingia kwenye mfuko wa shati bila kuonekana. A590 ni ya plastiki, ina gramu 175 kabla ya kutiwa betri, na imetuna upande wa kulia kama aliyebeba kitu mfukoni. Kizuri chajiuza, na hiki kimejiuza kweli: mapenzi mapya ya vijana mitandaoni yamepandisha bei ya IXUS zilizotumika, huku nduguye aliyetuna akiachwa kwenye kona ya rafu.

Lakini uvimbe huo ndimo zinamokaa betri, na hapo ndipo kesi yote inapoamuliwa.

A590 hutumia betri mbili ndogo za saizi ya AA, zile zile za redio na saa ya ukutani. IXUS hutumia betri bapa ya lithiamu inayoitwa NB-4L, ambayo huchomolewa na kutiwa kwenye chaja yake maalumu ukutani. Waya wa USB unaochomekwa kwenye kamera hizi ni wa kuhamishia picha tu, hauchaji chochote. Aliyezoea kuchomeka simu kwenye chombo chochote kilicho karibu apaswa kulisikia hilo kabla hajalipa.

Betri ya lithiamu ikiwa mpya ni nzuri mno. Ni nyepesi, hushika moto haraka, na hupiga picha zinazopita mia mbili. Tatizo ni kwamba huzeeka hata isipotumika. Ile iliyokuja na kamera mwaka 2008 sasa ni kuukuu, na yaweza kuonyesha imejaa kisha ikafa baada ya picha ishirini. Za badala zipo, zilizotengenezwa na kampuni nyingine, lakini ubora wake ni bahati nasibu, na si kila duka la Kisumu, seuze la Bondo, litakalokuwa nayo siku itakapohitajika. Mwenye IXUS isiyo na chaja amenunua kipambo.

Betri za AA nazo zina hila yake. Zile za bei ya chini zinazouzwa vibandani nyingi ni za zinki. Hufaa redio, ambayo hunywa umeme polepole. Kamera hudai umeme mwingi kwa mkupuo, hasa flashi inapojazwa, na betri ya zinki huishiwa pumzi baada ya picha chache tu. Mnunuzi asiyejua hilo husema kamera ni mbovu, akairudisha dukani akigomba. Kinachotakiwa ni betri za alkali, ambazo hutoa picha zipatazo mia mbili, au bora zaidi za kuchajiwa zenye maandishi NiMH, ambazo hutoa zaidi ya maradufu.

Hata za kuchajiwa hazilingani. Za zamani hupoteza nguvu zikikaa kabatini, hivi kwamba zilizochajiwa Jumatatu huenda zisifae sana kwa harusi ya Jumamosi ya mwezi ujao. Mnamo 2005 kampuni ya Sanyo ilileta aina iitwayo Eneloop ambayo huhifadhi umeme kwa miezi mingi, na baadaye wengine wakaiga. Seti mbili za aina hiyo na chaja yake zinaweza kugharimu pesa ambazo mnunuzi hakuzipangia, lakini zitadumu kwa mamia ya machaji.

Faida yenyewe huonekana siku ya dhiki. Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na sehemu kadhaa zikalala gizani. Kupotea kwa saa mbili au tatu ni jambo la kawaida lisiloandikwa magazetini. Siku kama hiyo mwenye IXUS hutegemea alichochaji jana. Mwenye A590 huingia dukani, akanunua betri mbili za alkali, akaendelea na kazi. Vivyo hivyo kwa anayevuka kwa boti kutoka Usenge kwenda kisiwa cha Mageta kupiga picha za wanafunzi: akiishiwa huko, duka lolote lenye redio huenda likamwokoa.

Si kwamba A590 haina lawama. Flashi yake huchukua sekunde kadhaa kujaa tena, na betri zikichoka huchukua muda zaidi, wakati skrini ikiwa imezimika na bwana harusi amekodoa macho akingoja. IXUS ni nyepesi zaidi katika hilo. Halafu kifuniko cha betri cha A590 ni cha plastiki, na kufunguliwa mara kwa mara ndiko hukivunja kijino kinachokishika. Wengi huishia kukifunga kwa mpira au gundi ya karatasi. Haipendezi mbele ya wateja, ila hufanya kazi.

Kuhusu mahali pa kuwekea picha, zote mbili hutumia kadi za SD, jambo la kushukuru. Kamera za Sony za wakati huo zilitumia kadi zao za Memory Stick, na za Olympus na Fujifilm zikatumia xD, ambazo leo kuzipata ni kazi. Hata kadi ndogo ya simu ikitiwa kwenye kibebeo chake kwa kawaida itakubali. Kuna sharti moja: kamera za 2008 huelewa kadi za hadi gigabaiti 32. Mwenye duka akitoa ya 64, irudishwe. Kadi ya gigabaiti 4 yenyewe hubeba picha zaidi ya elfu moja.

Limebaki swali la simu. Kama simu humshinda gizani, na picha zake hufika WhatsApp kabla mteja hajaketi, kamera ya nini? Jibu linategemea kazi. Simu ya mpiga picha ndiyo pia duka lake: kwayo hupokea M-Pesa na kupigiwa na wateja, na ikifa saa nane mchana vyote hufa pamoja. Kamera humwachia simu kazi yake. Humpa pia lenzi inayovuta kwa kweli, si kwa kukata picha, na flashi ya juani iliyotajwa hapo juu. Na kifaa kidogo cha kusomea kadi, kinachochomekwa kwenye simu, huziba pengo la kutuma picha papo hapo.

Kazi za namna hiyo hazijakosekana. Chuo kilichokuwa tawi la Maseno kabla ya kupewa hati mwaka 2013, sasa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, huleta familia nzima nzima mjini siku ya mahafali. Kang'o ka Jaramogi, alikozikwa Jaramogi mwaka 1994 na ambako mwanawe, aliyekuwa Waziri Mkuu Raila Odinga, alizikwa Oktoba 2025, hupokea wageni wanaotaka kubaki na kumbukumbu. Mazishi ya kawaida nayo huandaliwa vijitabu vyenye picha za marehemu na jamaa zake, na picha hizo lazima zitoke mahali.

Kwa kazi hizo, na kwa mji huo, kamera ya kununua ni A590 IS. IXUS 80 IS imfae aliye na ajira Kisumu, ambaye atakwenda nayo Dunga Jumapili, apige picha thelathini na kurudi nyumbani kwenye soketi. Huyo hana haja ya kubeba uvimbe.

Zote zikiwa ni za kutumika, ipo kazi ya kufanya kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mnunuzi aende na betri zake mpya na kadi yake. Afungue chumba cha betri na kutazama vyuma: unga mweupe au kutu ya kijani huonyesha kwamba betri ziliachwa humo zikavuja. Aiwashe na kuizima mara kumi, akisikiliza lenzi inavyotoka na kurudi, kwani punje ya mchanga wa ufuoni ikikwama humo ukarabati wake waweza kuipita bei ya kamera. Apige picha ya ukuta mweupe au anga na kuikuza, atafute madoa yanayorudi mahali pale pale. Kisha aiwashe flashi mara tatu mfululizo na kuhesabu sekunde.

Akionyeshwa kamera ya zamani zaidi kwa bei ya kuvutia, awe mwangalifu zaidi. Mwaka 2005 kampuni kadhaa za Japani, zikiwemo Canon na Sony, zilitangaza kwamba baadhi ya kamera zao za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa na vitambuzi vinavyoharibika, hasa penye joto na unyevu. Picha hutoka zimepindika au zina rangi ya zambarau, au hazitoki kabisa. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya ufuo wa ziwa. Kamera mbili zilizolinganishwa hapa ni za baadaye, na hazikuwemo katika matangazo hayo.

Bei ikishaafikiwa, muuzaji aombwe aongeze kamba ya mkononi na, kama anayo, chaja. Seti ya pili ya betri ihifadhiwe ndani ya karatasi ya nailoni kwenye mfuko wa shati badala ya mkobani, kwa sababu boti inapotua Mageta mkoba ndio hulowa kwanza.